Jinsi ya Kuchanganya Nyumbani Dawa ya Kupaka Kichwani Yenye Kiini cha Harufu ya Sandali

Mwaka 2018 jopo la watafiti lililoongozwa na Profesa Ralf Paus lilichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo yaliyowafanya watu wengi wenye nywele haba waanze kutafuta vichupa vya manukato. Jopo hilo lilionyesha kwamba kinyweleo cha kichwani kina kipokezi kiitwacho OR2AT4, ambacho ni cha jamii ileile ya vipokezi tunavyotumia puani kunusa, na kwamba kipokezi hicho huamshwa na Sandalore, kiini cha harufu ya sandali kinachotengenezwa kiwandani. Vinyweleo vya binadamu vilivyotunzwa hai maabara kwa siku kadhaa na kutiwa Sandalore vilibaki katika awamu ya kukua kwa muda mrefu zaidi, seli zake zikafa kwa uchache, na kiasi cha IGF-1, kichocheo kinachokiambia kinyweleo kiendelee kukua, kikaongezeka. Walipotia kiini kingine cha harufu kiitwacho Phenirat, ambacho hukizuia kipokezi hicho, mambo yalikwenda kinyume.

Matokeo hayo yalitoka kwenye vinyweleo vilivyotunzwa ndani ya vyombo vya maabara, na majaribio yaliyofuata juu ya vichwa vya watu yamekuwa madogo. Kwa hiyo mwongozo huu unamhusu mtu anayetaka kujaribu kitu chenye msingi wa kisayansi, kwa uangalifu na kwa gharama ndogo, huku akijua kwamba anajaribu. Asiyetaka kubahatisha ana minoksidili, dawa ya kupaka kichwani ambayo imetumika kwa ajili ya nywele tangu miaka ya 1980 na ushahidi wake ni mkubwa zaidi.

Kwanza jua kwa nini nywele zinatoka

Sandalore huzungumza na kinyweleo kilicho hai. Kinyweleo kilichokufa na kugeuka kovu hakina cha kuamshwa, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha na miezi. Kaa karibu na dirisha mchana, mwombe mtu agawe nywele kwa kitana pale zilipopungua, kisha atazame ngozi kwa makini. Ikiwa bado kuna vitundu vidogo na vinywele vyembamba kama vya mtoto mchanga, vinyweleo vingali hai. Ikiwa ngozi inang'aa, laini kabisa, na hakuna kitundu hata kimoja kinachoonekana, uwezekano mkubwa ni kwamba kovu limekwisha kuingia, na hakuna dawa ya kupaka itakayorudisha nywele mahali hapo.

Kwetu Uganda sababu ninayoiona mara nyingi zaidi kwa wanawake ni nywele kuvutwa. Misuko iliyokazwa hadi macho yanavutika, nywele bandia nzito zilizoshonwa juu ya misuko hiyo, na juu ya yote dawa ya kulainisha nywele iliyoachwa ikichoma. Baada ya miaka michache nywele za kwenye paji la uso na juu ya masikio zinarudi nyuma. Tatizo hili likiwahiwa hupona, lakini linapona kwa kulegeza misuko. Kupaka chochote jioni huku nywele zikivutwa mchana kutwa ni kazi isiyo na faida, na ningemshauri mtu wa namna hii akae miezi mitatu bila msuko wa kukaza kabla hajanunua hata gramu moja ya kitu.

Nywele zinazotoka kichwa kizima, kwa wingi, miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, baada ya malaria kali, homa ya matumbo au upasuaji, kwa kawaida hurudi zenyewe. Hapo mchanganyiko huu hauna ubaya, ila usiupe sifa ambayo ni ya mwili wako. Kwa mama anayenyonyesha jibu ni kusubiri, kama nitakavyoeleza mbele.

Kuna hali ambazo hazitaki jaribio lolote la nyumbani. Mapunye ya watoto hutibiwa kwa vidonge vinavyoandikwa na daktari, kwa sababu kuvu imeingia ndani ya unywele. Upungufu unaoanzia utosini ukiwa na mwasho au maumivu ya kuchoma, na kutanuka kidogo kidogo, huacha makovu haraka na unahitaji mtaalamu wa ngozi mapema. Mabaka ya mviringo yaliyotokea ghafla, vidonda, usaha, au mba uliogandamana pia ni vya hospitali. Anayechoka ovyo na kupauka apime kwanza damu na tezi ya shingo.

Vitu vinavyohitajika

Kiini chenyewe ndicho kigumu kukipata. Sandalore ni jina la kibiashara la kampuni ya Givaudan ya Uswisi, na huuzwa kwa vipimo vidogo na wauzaji wa malighafi za manukato, wengi wao wakiwa nje ya nchi. Unapoagiza, hakikisha nambari ya utambulisho wa kemikali ni 65113-99-7, na udai cheti cha uchambuzi pamoja na karatasi ya maelezo ya usalama. Muuzaji asiyeweza kutoa vitu hivyo viwili aachwe.

Vichupa vya "mafuta ya sandali" vinavyouzwa katika soko la Owino na vichochoro vya Kikuubo jijini Kampala si Sandalore, hata kama harufu inafanana. Ni manukato yaliyochanganywa na vitu vingi visivyoandikwa, na huenda kimojawapo ni kile kile kinachokizuia kipokezi. Wala sandali ya asili, ile ambayo akina mama wa pwani huisaga wakapata liwa, haiwezi kuchukua nafasi yake: harufu yake hutokana hasa na santaloli, molekuli tofauti kabisa, na utafiti niliouelezea ulijengwa juu ya Sandalore. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nyingine pia. Msandali wa Karamoja, Osyris lanceolata, umevunwa kiharamu kiasi kwamba tangu 2013 biashara yake ya kimataifa katika nchi zetu za Afrika Mashariki imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Kununua mafuta yake kwa matumaini ya nywele ni kumaliza mti bila kupata unachokitafuta.

Kiyeyushi kikuu ni etanoli ya asilimia 96 ya daraja la maabara au la dawa, inayopatikana katika maduka ya vifaa vya maabara. Usitumie spiriti ya kuwashia, wala spiriti ya hospitali iliyotiwa rangi au mafuta, wala waragi wa kienyeji. Tatizo ni methanoli. Mwaka 2010 waragi uliochanganywa na methanoli uliua watu wengi katika wilaya ya Kabale na jirani zake. Waliunywa, naam, lakini methanoli hupenya ngozi pia, na kichwa ni mahali utakapopaka kila siku kwa miezi.

Utahitaji vilevile propilini glikoli ya daraja la dawa, inayosaidia kiini kubaki juu ya ngozi baada ya pombe kukauka. Ile ya viwandani iache, kwa kuwa huweza kuwa na glikoli zenye sumu. Kwa maji, nunua famasi vichupa vya maji ya sindano vya mililita 10. Ni safi na bei yake ni ndogo. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta hayafai.

Vyombo ni mizani inayosoma hadi gramu 0.01, ya aina wanayotumia masonara, chupa mbili za kioo za rangi ya kahawia zenye vifuniko vinavyokaza, moja ya mililita 100 na nyingine ya 150, bomba la sindano la mililita 1 lisilo na sindano, bilauri ya kioo, na glavu.

Ukolezi: mahali panapoharibikia

Mtu akisikia kwamba kitu fulani huotesha nywele, mkono wake huwa mzito. Katika maabara ukolezi uliotumika ulikuwa maikromoli 500 kwa lita. Kwa kuwa uzito wa molekuli ya Sandalore ni takriban 210, hiyo ni kama gramu 0.1 tu ndani ya lita nzima, yaani asilimia 0.01. Mtu anayemimina mililita 5 za kiini katika chupa ya mililita 100 anajipaka kitu chenye nguvu zaidi ya mara 400 ya kile kilichoonyesha matokeo. Kinyweleo hakitaamka mara 400 zaidi. Kitakachotokea ni ngozi kuanza kuwasha, na hatari kubwa zaidi ni mwili kujifunza kukikataa kiini hicho, kwani mzio wa manukato ukishaingia hudumu maisha, na baadaye hata sabuni yenye chembe ya kiini hicho itakuletea vipele.

Ni kweli kwamba ngozi hupitisha sehemu ndogo tu ya kinachopakwa, ilhali kinyweleo cha maabara huogelea ndani ya dawa. Kwa hiyo naona ni busara kulenga asilimia 0.1, mara kumi ya kipimo cha maabara, na kutopanda zaidi ya hapo. Mwenye ngozi nyepesi kuudhika aanze na nusu yake.

Hatua ya kwanza: mmumunyo mama

Kupima gramu 0.1 kwa mizani ya kawaida ya sonara hakuaminiki, kwa sababu kosa la tarakimu moja tu ya mwisho ni sehemu ya kumi ya kipimo chote. Njia salama ni kutengeneza kwanza mmumunyo mama wa asilimia 1, kisha kuuchukua kidogo kidogo.

Fungua madirisha. Zima jiko la makaa, sigiri, mshumaa na sigara katika chumba hicho na chumba jirani, kwa sababu mvuke wa etanoli hushika moto kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Vaa glavu. Weka chupa ya mililita 100 juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha kwa bomba la sindano dondosha Sandalore hadi isome gramu 0.50. Kiini hiki ni kizito kidogo kuliko pombe na hushuka kwa matone ya taratibu, kwa hiyo ukikaribia gramu 0.45 acha tone moja lianguke, subiri namba itulie, ndipo uongeze lingine. Ongeza etanoli hadi jumla isome gramu 50.00. Funga, tikisa polepole kwa dakika moja, na uandike kwenye lebo jina, asilimia na tarehe. Kiasi hiki kinatosha kutengeneza dawa mara tano.

Hatua ya pili: dawa yenyewe

Weka bilauri juu ya mizani. Mimina gramu 50 za etanoli, ongeza gramu 10 za mmumunyo mama, kisha gramu 15 za propilini glikoli, na ukoroge kwa kijiti cha kioo au kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Mwisho kabisa tia gramu 25 za maji, ambazo ni vichupa viwili na nusu vya maji ya sindano, na hapa usiharakishe.

Sandalore haipendi maji. Ukiyamwaga kwa pupa utaona utando mweupe ukijitokeza pale maji yanapoingia, kisha ukitawanyika na kupotea unapokoroga. Huo wa kupotea hauna neno. Lakini ikiwa kioevu chote kimebaki na ukungu hata baada ya kukoroga kwa dakika mbili, maana yake kiini kimejitenga katika vitone vidogo mno, na ukikiweka chupani kitaelea juu, kiasi kwamba siku za mwanzo utajipaka kiini kikali na siku za mwisho utajipaka maji. Ongeza etanoli gramu 5, koroga, tazama tena dhidi ya mwanga, na urudie hadi uweze kusoma maandishi ya gazeti kupitia bilauri. Ukolezi utashuka kidogo, na hilo halina madhara.

Gramu 100 za mchanganyiko huu huzidi mililita 100, kwa kuwa pombe ni nyepesi kuliko maji. Ndiyo sababu nimetaja chupa ya mililita 150. Bandika lebo yenye tarehe na maneno "Si ya kunywa". Usitumie chupa ya maji ya kunywa wala ya soda hata kwa siku moja, hasa nyumba ikiwa na watoto. Itunze kabatini mbali na jua na joto, na baada ya miezi minne mwaga iliyobaki, utengeneze nyingine.

Usiongeze manukato mengine ili kuipendezesha harufu. Umeona jinsi Phenirat, ambayo nayo ni kiini cha harufu, inavyokizuia kipokezi hicho hicho. Usiongeze pia karafuu, kitunguu, tangawizi wala mafuta ya mnanaa. Vitu hivyo huwasha ngozi, na ukiwashwa hutajua ni kipi kilichokuudhi. Wala usimimine kiini ndani ya chupa ya minoksidili uliyoinunua, maana utavuruga uwiano wa vimumunyishi vyake. Anayetumia vyote viwili apake kimoja asubuhi na kingine usiku.

Wenye nywele kavu sana huniuliza kuhusu mafuta badala ya pombe. Inawezekana, kwa kuwa Sandalore huyeyuka vizuri ndani ya mafuta, na mafuta ya shea ya kaskazini mwa nchi, yale Waacholi wanayoyaita moo yaa, ni laini na huyeyuka kwa joto dogo. Tengeneza mmumunyo mama kwa uwiano uleule ndani ya mafuta ya nyonyo au ya alizeti, kisha changanya gramu 10 zake na gramu 90 za shea iliyoyeyushwa juu ya maji ya moto. Binafsi napendelea ule wa pombe, kwani mafuta huganda juu ya ngozi, na kwa mwenye mba huzidisha tatizo.

Hatua ya tatu: kujaribu kwenye mkono

Hatua hii hairukwi. Paka tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, eneo lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, asubuhi na jioni kwa siku saba mfululizo. Jaribio la siku moja halitoshi, kwa kuwa mzio wa ngozi mara nyingi hujitokeza baada ya saa 48 hadi 96, na wakati mwingine baada ya kupaka mara nyingi. Wekundu kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Tafuta weusi uliozidi, uvimbe mdogo unaouhisi kwa kidole, magamba au mwasho. Ukiona lolote kati ya hayo, osha kwa maji na sabuni na usipeleke dawa hiyo kichwani. Ukitaka kujua kama mkosaji ni propilini glikoli, tengeneza mchanganyiko usio na Sandalore na uujaribu peke yake kwenye mkono wa pili baada ya wiki mbili.

Hatua ya nne: kupaka

Vuta mililita 1 kwa bomba la sindano. Gawa nywele kwa mistari mahali zilipopungua, dondosha juu ya ngozi na wala si juu ya nywele, kisha sambaza kwa ncha za vidole bila kusugua. Fanya hivi mara moja kila usiku, kichwa kikiwa kikavu, na subiri pakauke kabisa kabla ya kulala au kufunga kitambaa. Usikaribie moto, kitana cha moto wala mashine ya kukaushia nywele hadi pakauke. Nawa mikono. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 15.

Usipake juu ya ngozi iliyochubuka, wala ndani ya wiki mbili baada ya kutia dawa ya kulainisha nywele. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasiitumie, kwa kuwa usalama wake kwao haujachunguzwa vya kutosha. Mwenye misuko asiifungue kwa ajili ya dawa hii peke yake, ila ahakikishe ni milegevu na kwamba dawa inafika kwenye ngozi.

Unywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, na kinyweleo kilichopumzika huchukua miezi kadhaa kabla hakijaanza kazi upya. Kwa sababu hiyo kupima matokeo kwa kioo kila asubuhi hakufai. Piga picha mwishoni mwa kila mwezi, mahali palepale, saa ileile ya mchana, nywele zikiwa zimegawanywa kwa mstari uleule, na ulinganishe ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita. Kitu cha kutafuta ni mstari wa ngozi unaozidi kuwa mwembamba na vinywele vipya vyenye rangi nzito. Manyoya mepesi yasiyo na rangi hayatoshi kuhesabiwa kuwa mafanikio. Ikiwa picha hizo mbili hazitofautiani, acha.

Acha mara moja, bila kungoja miezi sita, ukipata malengelenge, uvimbe usoni, maumivu ya kuchoma yasiyokwisha au nywele zikianza kutoka kwa mafungu pale ulipopaka. Nenda kliniki ya ngozi, kwa walio Kampala ile ya Hospitali ya Mulago, ukiwa na chupa zote mbili na karatasi uliyoandika vipimo, ili daktari ajue hasa kilichogusa ngozi yako na kwa kiasi gani.